Gari la Paa la Kukunja Lenye Gia za Mkono: Kulinunua Nairobi, Kulitunza na Kuliuza Bila Kuchomeka

Kabla ya kuuliza bei, fungua mlango wa dereva, inama, uhesabu pedali. Zikiwa mbili, gari hilo si la gia za mkono, hata tangazo liseme nini. Matangazo mengi ya Nairobi huandika "manyuali" kwa gari la otomatiki ambalo kijiti chake husukumwa kando hadi kwenye alama ya kujumlisha na kutoa. Lipo kundi la pili linalowachanganya hata wanaojua magari: Toyota MR-S yenye SMT, BMW Z4 na M3 zenye SMG, Ferrari zenye mfumo wa F1, Aston Martin zenye Sportshift. Ndani ya hizi mna giaboksi ya kawaida na klachi ya kawaida, ila kinachokanyaga klachi ni pampu ya haidroliki, si mguu wako. Mnunuzi wa baadaye atazihesabu kuwa pedali mbili tu, na pampu ikifa, bili ni yako.

Pedali hiyo ya tatu ndiyo inayobeba bei, lakini si kwa kila gari. Ferrari F430 Spider yenye kijiti cha gia inauzwa ng'ambo juu sana ya ile ya F1, kwa sababu zilipokuwa mpya wanunuzi wengi walichagua vibonyezo vya usukani, na F430 ikawa Ferrari ya mwisho yenye injini ya V8 katikati ya gari kutolewa na klachi ya mguu. Porsche 911 Speedster ya 2019 zilitengenezwa 1,948, zote za gia 6 za mkono. Hapo uchache na hamu vimekutana.

Sasa chukua Mercedes SLK 200 ya gia za mkono. Nayo ni adimu mjini, pengine kuliko Boxster, lakini haiuzwi ghali zaidi ya mwenzake wa otomatiki. Mara nyingi inakaa sokoni muda mrefu zaidi. Anayetaka SLK anataka starehe, na kukanyaga klachi mara mia kwenye foleni ya Ngong Road, kutoka Adams hadi Junction, saa kumi na moja jioni si starehe. Upande mwingine kuna Honda S2000, ambayo haikuwahi kutoka kiwandani na otomatiki. Zote, zaidi kidogo ya 110,000, ni za mkono, kwa hiyo kijiti chenyewe hakiongezi kitu. Bei yake inashikwa na injini ya lita 2.0 inayozunguka hadi 9,000 kwa dakika na ukweli kwamba iliacha kutengenezwa 2009.

Swali la kujiuliza, basi, ni je, mtu anayelitamani gari la aina hii huwa anatamani na klachi? Kwa Boxster, 911, Z4 za silinda 6, Aston Martin V8 Vantage Roadster, Jaguar F-Type ya V6 na Mazda MX-5 jibu ni ndiyo. Kwa SLK, Mini na magari makubwa ya safari za starehe, ni hapana au nusunusu.

Hatua ya 1: Jua ni mlango upi unapitia

Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa limepita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na lazima usukani uwe upande wa kulia. Mwaka 2025 kikomo kilikuwa 2018. Mwaka 2026 ni 2019. Kila Januari mstari unasogea mbele mwaka mmoja, na viwanda navyo vinazidi kuacha klachi. Audi TT imekoma 2023, F-Type 2024, na Porsche iliacha kuuza 718 za petroli Ulaya 2024 kwa sababu ya kanuni mpya za usalama wa mtandao kwenye magari. Kwa hiyo S2000, Boxster 986 na 987 (vizazi vyake viwili vya kwanza), Z4 za kwanza na MX-5 za zamani hazirudi tena kupitia bandari ya Mombasa. Zilizopo nchini, ambazo ni mlango wa kwanza, ndizo hizo, na kila moja inayogonga nguzo Thika Road inapunguza hesabu. BMW Z8, ambayo watu huiulizia sana, iachie picha za ukutani: zote zilitengenezwa na usukani wa kushoto.

Ukiagiza, yaani mlango wa pili, chaguo la maana ni MX-5 ya sasa, ambayo Japani huitwa Roadster, Porsche 718 Boxster, Abarth 124 Spider, na ukipenda kigari, Honda S660 au Daihatsu Copen. Mambo mawili huwakwamisha watu hapa. La kwanza, tarehe ya kutengenezwa na ya kusajiliwa zisipishane zaidi ya mwaka mmoja. Magari ya paa la kukunja hukaa kwenye maduka ya huko muda mrefu kuliko saluni, hivyo usiangalie mwaka wa usajili peke yake. La pili, gari la mwaka wa mwisho unaoruhusiwa lazima lifike kabla ya Desemba kuisha. Safari ya meli kutoka Japani ni mwezi na zaidi. Kununua mnadani Novemba ni kucheza kamari na kalenda.

Kodi ipige kabla ya kutuma senti. KRA, mamlaka ya kodi, haitumii bei uliyolipa. Inatumia orodha yake ya bei za rejareja, CRSP, na kupunguza uchakavu kwa umri. Ukishapata thamani ya forodha, hesabu inakwenda hivi kwa gari lililothaminiwa shilingi 1,000,000 lenye injini kati ya cc 1,500 na 3,000: ushuru wa forodha asilimia 35 ni 350,000. Ushuru wa bidhaa asilimia 25 unapigwa juu ya 1,350,000, yaani 337,500. VAT asilimia 16 juu ya 1,687,500 ni 270,000. Ongeza ada ya tamko la uagizaji asilimia 2.5 na tozo ya reli asilimia 2, jumla 45,000. Unalipa 1,002,500, gari la pili kabisa. Injini ya petroli inayozidi cc 3,000 ushuru wa bidhaa unapanda hadi asilimia 35 na jumla inafika 1,159,100. Isiyozidi cc 1,500 ni asilimia 20, na jumla ni 924,200. Viwango hivi huguswa na Sheria ya Fedha, kwa hiyo hakikisha vya mwaka wako.

Angalia mpaka huo wa cc 1,500 vizuri. Roadster ya Japani ya paa la turubai ina injini ya cc 1,496. Ile ya RF, yenye paa gumu, ni cc 1,997. Zinafanana, lakini ya kwanza inaingia kwenye kundi la asilimia 20 na ni nyepesi zaidi, na wapenda klachi ndiyo wanayoitafuta. RF ni nzuri kwa anayeegesha barabarani akihofia paa kuchanwa kwa wembe.

Mlango wa tatu ni magari ya wanadiplomasia na wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa ya Gigiri, yenye namba nyekundu. Huwa yametunzwa na yana vitabu vya huduma. Ila yaliingia bila kodi. Likiuzwa kwa mtu asiye na msamaha huo, kodi inadaiwa, na isipolipwa hupati usajili wa kawaida. Bei unayotajiwa iwe na jibu la swali moja: kodi imeshalipwa, au ni juu yangu? Vivyo hivyo kwa gari la mtu aliyerejea kutoka ughaibuni kwa msamaha wa mkaazi anayerudi.

Hatua ya 2: Karatasi kabla ya gari

Fanya utafutaji wa gari kwenye akaunti ya NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari, kupitia eCitizen. Ada ni ndogo. Linganisha namba ya chasi, namba ya injini, rangi na cc na gari lenyewe, si na picha. Jina la benki au kampuni ya mikopo likionekana kama mmiliki mwenza, kuna deni juu ya logbuku. Usikubali "nitalimaliza ukinilipa"; pesa iende moja kwa moja kwa mwenye deni, na barua ya kuachilia itoke kabla ya salio kumfikia muuzaji. Namba ya injini isipolingana, si lazima liwe la wizi, kwa kuwa Boxster nyingi za zamani zimebadilishwa injini, lakini muuzaji ndiye airekebishe kwa NTSA, si wewe.

Gari lililotoka Japani, omba karatasi ya mnada. Alama 4 au 4.5 ni gari safi. R au RA ni lililogongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni mahali palipofanyiwa kazi ya bodi, S ni kutu, XX ni sehemu iliyobadilishwa. Sehemu ya giaboksi ikisomeka F5 au F6, ni kijiti cha sakafuni chenye gia 5 au 6. FAT au AT ni otomatiki. Gari lililotoka Uingereza ni rahisi zaidi: kwa namba yake ya kule, historia ya ukaguzi wa kila mwaka inasomwa bure kwenye tovuti ya serikali yao, pamoja na maili za kila mwaka. Maili zikirudi nyuma, umemaliza kazi. Za Uingereza pia hupita kwenye barabara za chumvi majira ya baridi, kwa hiyo kagua tumbo la gari kwa tochi.

Hatua ya 3: Hakikisha gia hizo ni za kuzaliwa nazo

Bei ya kijiti ikipanda, mafundi huanza kugeuza otomatiki. Kugeuza si dhambi, mradi bei iseme ukweli: gari lililogeuzwa halifikii bei ya lililozaliwa hivyo. Kwenye Porsche za vizazi vya 986 (Boxster) na 996 (911), kibandiko cha taarifa za gari kilicho chini ya boneti ya mbele na kwenye kitabu cha huduma kina msimbo wa giaboksi. Unaoanza na G ni wa mkono, unaoanza na A ni Tiptronic, otomatiki ya Porsche. Kibandiko kikiwa kimebanduliwa, uliza kwa nini. Halafu tazama usukani: vibonyezo vya gia vilivyobaki bila kazi, dashibodi yenye nafasi ya kuonyesha P, R, N, D, au pedali ya breki pana kama ya otomatiki ni dalili. Mwisho, chomeka skana. Kompyuta ya injini iliyoandikwa kwa otomatiki huendelea kuitafuta kompyuta ya giaboksi ambayo haipo, na huhifadhi kosa hilo.

Hatua ya 4: Ukaguzi, injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji asiliwashe. Ukifika ukakuta boneti ina joto, rudi siku nyingine. Giaboksi ya moto huficha mambo.

Anza na klachi, kwa kuwa ndiyo inayouzwa. Gari likinguruma lipo palepale, sikiliza bila kukanyaga, kisha kanyaga. Sauti ya kusaga inayopotea ukikanyaga hutoka kwenye beringi ya shafti ya kuingilia giaboksi. Inayojitokeza ukikanyaga ni rilizi beringi. Mtikisiko wa vyuma unaposikika injini ikizimwa, hasa kwenye Porsche na BMW, ni flaiwili ya vipande viwili imelegea, na hiyo bei yake mara nyingi inazidi seti ya klachi yenyewe. Barabarani, weka gia ya 4 kwa kilomita 50 kwa saa, kanyaga mafuta hadi mwisho. Mshale wa mizunguko ukiruka na kasi isifuate, klachi inateleza. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza hapa nguvu kwa takriban asilimia 15 hadi 20. Klachi inayoshika vizuri Limuru Road inaweza kuteleza siku unayoshuka Mombasa, injini ikirudiwa na nguvu zake. Kwa hiyo ikionyesha hata dalili ndogo hapa, ihesabu kuwa imekwisha.

Gia zenyewe zijaribu ndani ya dakika 3 za kwanza: 1 hadi 2 bila haraka, halafu 3 kurudi 2. Kusaga kwenye gia ya 2 ni ugonjwa wa S2000 za mwanzo; hutoka kwenye pete za sinkro, zinazolinganisha kasi gia inapoingia, na hauponi kwa kubadilisha oili. Boxster 986 ambayo giaboksi yake imeshachoka hutema gia ya 2 ukiachia mafuta ghafla, basi achia ghafla kwa makusudi. MX-5 za sasa zilizotengenezwa 2016 hadi 2018 zilikuwa na giaboksi dhaifu ambayo Mazda iliibadilisha ndani zaidi ya mara moja. Kwenye hizo, uliza kama iliwahi kufunguliwa, na kama dereva aliiongezea nguvu injini.

Hapa inafaa kusema neno kuhusu oili, maana Nairobi inaua giaboksi nyingi kwa hili. Fundi wa kando ya barabara ana debe moja la oili ya gia, la daraja la GL-5, analolitia kwenye difa na kwenye giaboksi sawasawa. Pete za sinkro za shaba zinahitaji msuguano ili zishike, na viungo vya GL-5 huzifanya ziteleze na pia huweza kuzila. MX-5 ya zamani inataka takriban lita 2 za 75W-90 GL-4. S2000 inataka lita 1.48 za oili ya Honda ya giaboksi za mkono, si oili nzito ya namba 90. Ukiona risiti ya oili sahihi kwenye faili la gari, umepata muuzaji anayejua alichonacho.

Kwenye MX-5 za zamani, klachi ikishuka hadi sakafuni au gia ikakataa kuingia asubuhi, usikimbilie giaboksi. Silinda ndogo ya klachi imefungwa nje ya giaboksi. Funua mpira wake wa vumbi kwa bisibisi, na umajimaji ukitiririka, umepata mgonjwa. Ni spea ya bei nafuu na kazi ya saa moja. Wapo wanaoliuza gari zima kwa hasira kwa sababu ya silinda hiyo, na ndiyo nafasi nzuri kuliko zote za kupunguziwa bei.

Boxster za kabla ya 2009 zina swali lao la pekee, beringi ya shafti ya kati ya injini, maarufu kama IMS. Ikivunjika inaondoka na injini. Kwenye 986 inafikiwa giaboksi ikiwa imetolewa, kwa hiyo klachi, sili ya nyuma ya krankshafti na beringi hiyo hufanywa siku moja. Risiti ya klachi isiyotaja beringi ni ya mtu aliyebana senti mahali pabaya. Kwenye 987 za mwanzo beringi ni kubwa zaidi na imara zaidi, ila haitoki bila kuigawa injini. Za kuanzia mwaka wa modeli 2009 hazina kabisa, na soko linalijua hilo.

Paa na maji

Fungua na kufunga paa mara 3 mfululizo, injini ikiwa inanguruma. Mara ya kwanza karibu zote hufanya kazi. Ya tatu ndiyo inayoonyesha mota iliyochoka au mafuta ya haidroliki yaliyopungua. Kwenye magari yenye paa gumu la kukunja, inua zulia la buti utafute mafuta. Tazama nyuzi za kushonea juu ya milango, na gundi inayoshika kioo cha nyuma. Boxster hadi 2002 na S2000 za mwanzo zina dirisha la nyuma la plastiki. Julai asubuhi plastiki hiyo ni ngumu kama sahani, ukiikunja inapasuka. Iache ipate jua kwanza.

Lakini kinachoua magari haya hapa ni mifereji. Maji yanayotiririka kwenye paa hayamwagiki nje moja kwa moja. Huingia kwenye mfereji wa mpira uliojificha nyuma ya viti, hushuka kwa bomba ndogo, hutokea chini mbele ya tairi ya nyuma. Kuanzia Septemba hadi Novemba mijakaranda ya Lavington na Kileleshwa inamwaga maua, na ua moja la jakaranda lililolowa linaziba bomba hilo kama kizibo cha chupa. Mvua za vuli zikija juu yake, maji hayana pa kwenda ila ndani. Kwenye Boxster yanalala chini ya viti, mahali ilipo kompyuta ya kizuia wizi, na gari linakataa kuwaka. Kwenye Z4 ya kwanza mota ya pampu ya paa imewekwa ndani ya shimo lenyewe linalopitisha maji. Inazama kama jiwe. Kwenye MX-5 maji yanaoza kizingiti cha mlango kutoka ndani, na rangi juu bado inang'aa.

Kwa hiyo nenda na chupa ya lita 2. Mimina polepole kwenye kona ya nyuma ya kila upande, mtu mwingine akichungulia chini. Maji yatoke mara moja, kwa mkondo, si kwa matone. Kisha pitisha mkono chini ya zulia nyuma ya viti, na unuse vidole. Harufu ya nguo iliyosahauliwa kwenye beseni haipotezwi na manukato yaliyoning'inizwa kwenye kioo, ingawa wauzaji hawachoki kujaribu.

Bodi inakaguliwa kama ya gari lolote. Ukiazima kipima rangi, mikroni 90 hadi 150 ni rangi ya kiwandani, zaidi ya 300 ni pasta. Magari haya yako chini, basi kagua bampa ya mbele kwa chini na bomba za ekzosi kwa alama za matuta.

Hatua ya 5: Bei

Soko hili ni dogo. Huwezi kukusanya bei 20 za Boxster S ya 987 yenye klachi ukapiga wastani, na bei za Uingereza zilizobadilishwa kuwa shilingi hazikusaidii, kwa sababu gari hilo haliwezi kuingia na lako haliwezi kutoka kirahisi. Tumia njia tatu, uchukue ya chini.

Kwanza, piga gharama ya kuagiza leo gari jipya zaidi linalofanya kazi ileile, kodi ndani. Hiyo ndiyo dari. La zamani likiizidi, mnunuzi wako wa baadaye ataagiza. Pili, chukua bei ya otomatiki ya modeli hiyohiyo mjini, na uongeze kidogo tu kwa ajili ya kijiti. Tatu, toa matengenezo, kisha toa muda. Tuseme muuzaji anataka 3,000,000. Klachi na flaiwili umekadiriwa 250,000, paa 150,000, tairi nne 120,000. Unabaki na 2,480,000. Ukitarajia kwamba siku ya kuliuza litakaa sokoni mwaka mzima, na pesa hiyo ingekuletea riba ya asilimia 10 mahali pengine, toa karibu 248,000 nyingine. Ofa yako ya kwanza iko chini kidogo ya 2,250,000, na una karatasi ya kuitetea.

Kwa nini mwaka mzima? Wanaoweza kulinunua ni wachache kuliko wanaolipiga picha. Leseni ya B1 inaruhusu gari jepesi la otomatiki pekee, na vijana wengi wa Nairobi siku hizi wanafanya mtihani huohuo. Ongeza foleni, mke au mume anayeuliza watoto watakaa wapi, na kampuni za bima zinazosita mbele ya paa la kitambaa. Pata barua ya bima kabla ya kulipa, pamoja na thamani waliyokubali. Ripoti ya mthamini inayolichukulia gari lako kama otomatiki ya kawaida itakuumiza siku ya ajali, kwa hiyo hakikisha ameandika aina ya giaboksi.

Hatua ya 6: Litunze ili liuzike

Usilioshe kwa jeti ya presha. Inachana nyuzi na kusukuma maji ndani ya gundi ya kioo. Brashi laini na sabuni ya kawaida zatosha. Usikunje paa likiwa limelowa. Safisha mifereji mara mbili kwa mwaka, Machi kabla ya masika na tena maua ya jakaranda yakishaisha, kwa kamba nyembamba ya plastiki ya kukatia nyasi. Waya hutoboa bomba. Oili ya breki inayotumika pia kwa klachi ibadilishwe kila miaka 2.

Kila kitu cha asili unachokitoa, kiweke: kitasa cha gia, ekzosi, redio, springi. Anayelipa vizuri analitaka gari lilivyotoka kiwandani, na spea ya Boxster huipati Kirinyaga Road kwa kuuliza tu. Risiti ziwe na kilomita na tarehe.

Hatua ya 7: Kuuza

Usilipeleke kwenye yadi katikati ya Prado na Vitz, likapigwa jua miezi 6 hadi kila mtu alijue kama gari lisilonunuliwa. Wanaolitaka wanajuana. Shindano la Africa Concours d'Elegance kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ambalo hufanywa Septemba, linawakusanya mahali pamoja, na kulisimamisha gari safi pale, faili la risiti likiwa kitini, kuna faida kuliko matangazo ya mwezi mzima. Desemba ni nzuri pia, walio ughaibuni wakiwa nyumbani na jua likiwaka. Januari usijisumbue.

Kwenye tangazo weka picha ya pedali 3, video ya kuwasha injini baridi, na paa likifunguka na kufunga bila kukatwa. Taja kasoro. Mtu akija akaikuta kasoro uliyoitaja, anaendelea kuzungumza bei; akikuta usiyoitaja, anaanza kutafuta nyingine.

Jaribio la barabarani lifanywe wewe ukiwa kando yake, leseni yake ukiwa umeiona, na tazama kama ni B2, inayoruhusu gia za mkono. Anayejifunza klachi kwenye gari lako anaimaliza kabla hamjafika Westlands. Malipo yakionekana benki, si kwenye picha ya skrini, anzisha uhamisho kwenye akaunti ya NTSA na mngojee mnunuzi akubali mkiwa bado mmeketi pamoja. Ufunguo wa akiba, msimbo wa redio na kifunguo cha boliti za magurudumu viwe ndani ya bahasha moja na logbuku. Kifunguo hicho ndicho kinachosahaulika, na mnunuzi hukumbuka kukitafuta usiku, tairi ikiwa imepata pancha Southern Bypass.